Breki za Pijo

Jumapili, 6 Aprili

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo mchana, na Pijo likafika katikati yake, likivutwa na trakta kutoka Sugoi. Daftari hili nililifungua kwa ajili ya mvua tu. Darasa langu la nne litasoma hali ya hewa muhula ujao, na napenda kuwaambia watoto mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Lakini leo siwezi kuandika mvua nikaliacha gari.

Ni Pijo 504, jeupe enzi zake, sasa lina rangi ya maziwa yaliyoganda. Limekaa miaka mingi ghalani kwa mkulima mmoja, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Mume wangu Ondiek, Baba Joy, amelitamani gari la namna hii tangu astaafu kazi ya maabara. Marehemu babake aliendesha Pijo kama hili la abiria kati ya Kisumu na Eldoret, na inasemekana kuna akina mama waliokuwa wakiacha magari mengine stendi wamsubiri yeye, kwa sababu hakuwa mtu wa kufunga breki ghafla. Leo Ondiek alisimama mvuani bila mwavuli, mkono juu ya boneti, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Binti yetu Joyline anaolewa Agosti. Bwana harusi ni Chelanga, kijana wa Tambach, na harusi itakuwa huko huko kwao, chini ya ukuta wa Iten, pale nchi inapoanguka kuelekea bonde la Kerio. Babake Joyline amemwahidi binti yake kwamba atampeleka kanisani kwa Pijo hili, yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani. Mimi nimeshuka ile barabara mara kadhaa. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni hewa.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua asubuhi, mvua jioni. Injini imewaka. Mtaa wetu wote wa Kapsoya umesikia.

Jumamosi, 12 Aprili

Fundi ni Wabuge, wa gereji ya kule chini karibu na soko. Mtu wa maneno machache, asiyekutazama usoni anapozungumza. Sijui kwa nini simpendi. Labda ni kwa sababu hiyo.

Leo alifungua magurudumu ya mbele hapa kwetu uani. Baba Joy alilalamika kwamba gari linavuta upande wa kushoto likifunga breki. Wabuge alilala kwenye gunia, akasugua kwa brashi ya waya kile chuma kinachobana diski, wanachokiita kalipa, mpaka herufi zilizokuwa chini ya kutu zikatokea. Halafu akaenda upande wa pili akasugua tena. Akakaa kitako kwenye matope akituita tuje tuone. Herufi hazikufanana. Alitueleza kwamba magari haya yalitoka kiwandani na breki za aina mbili, nyingine za Kiingereza, nyingine za Kijerumani, na padi za hii haziingii kwenye ile. Gari letu lilikuwa na moja ya kila aina. Mtu fulani, zamani, alikosa spea akafunga alichopata.

Baba Joy alifurahi kama aliyepewa zawadi. Nilimsikia akimwambia Wabuge kwamba ugonjwa ukishajulikana jina, nusu ya dawa imepatikana. Hayo ndiyo maneno yake ya maabara.

Alhamisi, 17 Aprili

Wamekwenda Chepsaita, ambako kuna mzoga wa Pijo lingine umezama shambani hadi kwenye milango. Wamerudi jioni wamelowa, na kalipa ya upande wa kushoto ndani ya gunia. Wabuge aliisugua palepale jikoni kwangu, juu ya magazeti, ili tuhakikishe herufi kabla ya kusherehekea. Zilifanana na za kulia. Baba Joy alikula ugali wote uliobaki.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Tumekwenda kanisani kwa Pijo. Watu walisimama kulitazama. Halivuti tena upande wowote, linakwenda kama sahani juu ya meza. Nilikuwa na furaha mpaka tuliporudi, Baba Joy alipozima injini akabaki ameketi.

"Breki haishiki," aliniambia.

Nilimwambia mbona tumesimama vizuri kila mahali. Akasema inashika lakini haishiki, haimjibu mguuni. Ni kama kukanyaga sponji.

Jumanne, 29 Aprili

Shule zimefunguliwa. Mvua ya mawe saa ya mapumziko. Watoto walikusanya barafu kwenye vikombe vya uji.

Jumapili, 4 Mei

Baba Joy ameingia nyumbani kutoka uani akiwa na ndala moja. Nilimuuliza nyingine iko wapi, akatazama miguu yake akacheka. Tuliikuta imenasa kwenye matope kando ya Pijo. Akili yake yote iko kwenye hilo gari.

Jumamosi, 10 Mei

Siku nzima ya masta, ile silinda inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga. Muchiri, muuza spea wa mjini, alileta mbili akaziweka juu ya boneti, na kwa macho yangu zilikuwa mapacha. Wabuge aliingiza kipimo ndani ya tundu la kila moja, akaonyesha kwamba moja ni nyembamba kidogo. Ukifunga ile isiyo yake, pedali itazama au itakuwa ngumu kupita kiasi. Baba Joy alivaa miwani akasoma namba zilizochongwa ubavuni, akazilinganisha na ile ya zamani. Walifunga iliyo yake. Walitoa hewa kwenye mabomba, Wabuge chini, Baba Joy kwenye pedali, mmoja akisema kanyaga, mwingine akisema nimekanyaga. Mara mbili Wabuge alisema kanyaga, Baba Joy akajibu nimekanyaga, na Wabuge akainua kichwa kutazama. Sikuelewa alichokuwa akitazama.

Jumapili, 11 Mei

Mvua. Breki haishiki.

Jumapili, 18 Mei

Amegonga lango la kwetu. Si sana, bati limekunjika. Alikuwa akiingia polepole, nikaona gari halisimami, likaenda tu kama ng'ombe anayerudi zizini, mpaka likagusa. Alitoka ameghadhabika, akapiga teke gurudumu kwa nguvu mpaka nikaogopa ameumia. Wala hakukunja uso.

Jumamosi, 24 Mei

Nimemtilia maji ya kuoga kwenye beseni, nikaenda kuchukua ya baridi ya kuchanganyia. Niliporudi nikakuta mguu wake wa kulia umo ndani na anajisomea gazeti. Maji yalikuwa yametoka jikoni sasa hivi. Nilimvuta. Ngozi ilikuwa nyekundu kama nyanya. Alisema alikuwa anawaza, na kwamba watu wa ziwani wamezoea joto.

Jioni Joyline alipiga simu kutoka Iten, anakofanya kazi ofisi ya maji. Alimuuliza babake gari linaendeleaje. Akamwambia limebaki jambo dogo tu la breki.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua haijaacha kwa wiki nzima, na mahindi ya jirani yameanza kugeuka manjano kwa maji. Wamebadilisha ile chupa kubwa inayosaidia mguu kusukuma breki. Ilikuwa na tundu kweli. Wabuge aliionyesha, akapitisha kidole. Nilidhani sasa yamekwisha.

Jumamosi, 7 Juni

Hayajakwisha. Leo wamegombana.

Wabuge alilipeleka gari barabarani akarudi, akasema haoni kasoro. Baba Joy akasema basi fundi hajui breki. Wabuge alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, hatazami mtu. Baba Joy akamwambia mbele ya majirani kwamba ameweka spea feki na nzuri amewauzia wengine. Wabuge alikunja kitambaa chake, akakiweka mfukoni, akaniaga mimi peke yangu.

"Mwalimu, mimi nimefika mwisho wa hii gari," alisema, akaenda zake.

Nilikuwa upande wa mume wangu. Nilisema moyoni kwamba sikukosea tangu mwanzo kuhusu mtu huyo. Nimeandika hapa nisisahau.

Jumamosi, 14 Juni

Fundi mpya, Kiarie. Huyu anacheka, anakubali kila kitu. Baba Joy akisema padi, anabadilisha padi. Akisema mafuta, anamwaga mafuta. Akimaliza anasema, Mzee, sasa hii ni kama mpya. Baba Joy hutoka nalo, hurudi, hukaa ndani ya gari kwa muda. Siku hizi nikisikia injini imezimwa nahesabu pumzi zangu nikingoja mlango ufunguke.

Jumatano, 18 Juni

Ukungu. Nimenunua kitambaa cha nguo ya harusi, buluu. Sina raha na sijui ni kwa nini.

Jumamosi, 21 Juni



Nakhumicha huuza mboga pale barabara yetu inapoingia ya lami. Ana meza, mwavuli mkubwa na kigoda chake. Hakai mbali na kigoda hicho tangu asubuhi hadi jioni, anaumwa na mgongo. Leo tulikuwa tunatoka kwenda mjini. Mvua ilikuwa nyepesi. Mbele yetu bodaboda ilisimama kuchukua mtu, na Baba Joy akafunga breki. Nasema akafunga kwa sababu nilimwona akisukuma mguu. Gari liliruka mbele. Aliikwepa pikipiki, tukapanda ukingo, tukaingia kwenye meza. Sukuma, nyanya, mwavuli, vyote vilipita juu ya kioo. Tuliposimama injini bado ilikuwa inalia kwa nguvu.

Nilishuka nikimwita Nakhumicha. Nilipiga magoti kwenye matope nikatazama chini ya gari. Niliona kigoda kimepasuka vipande, na kanga yake imejikunja kwenye gurudumu. Nikakaa chini palepale. Kisha nikamsikia nyuma yangu, ananiuliza Mwalimu kuna nini. Alikuwa ameenda kuchota maji kwa jirani, ameacha kanga juu ya kigoda kisilowe.

Alitutazama mimi na gari na kigoda. Alikaa kwenye ukingo akashika kichwa.

Baba Joy alikuwa amesimama kando ya mlango akimwambia kila aliyefika kwamba breki ndiyo iliyomwangusha. Watu wakatikisa vichwa, wakasema magari ya zamani. Na mimi nilitikisa kichwa. Lakini ile sauti ya injini haijaniacha. Gari lisiloshika breki huteleza tu. Halingurumi.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya kanisa nilimwambia Baba Joy nakwenda kumwona Nakhumicha, na nilikwenda. Kutoka pale nikaenda kwa Wabuge.

Nilimkuta mlangoni kwake anakunywa chai. Nilikuwa nimejiandaa kumshtaki. Nilimweleza ya jana, nikamwambia ilikuwa karibu tuue mtu kwa sababu ya kazi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya, akanitazama usoni.

"Mwalimu, nikuulize. Mzee akitaka kufunga breki, huwa anatazama wapi?"

Nilisema anatazama barabara, wapi tena. Lakini haikuwa kweli. Baba Joy hutazama chini. Nimeona kwa miezi, yale macho yanashuka kidogo kabla ya kila kona, nikadhani anatazama saa za gari.

Wabuge alisema siku ya kutoa hewa alimwambia kanyaga, akajibiwa nimekanyaga, na pedali ilikuwa haijaguswa. Mguu ulikuwa pembeni, unakanyaga zulia. Ikatokea mara ya pili. Hakuthubutu kusema. Angemwambiaje mtu mzima, mtu wa hospitali, kwamba hajui mguu wake uko wapi?

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilimkuta Baba Joy amelala. Nikachukua ufunguo, nikaketi kwenye Pijo pale uani, nikakanyaga breki mwenyewe. Sijui kuendesha, lakini mguu wangu unajua kitu kigumu na kitu laini. Ilikuwa ngumu, inajibu, imara kama sakafu.

Jumanne, 24 Juni

Ndala. Maji ya moto. Teke la gurudumu. Yote nimeyaandika mwenyewe humu, kwa mkono wangu, nikicheka.

Leo alipovua viatu nilipiga magoti mbele yake kama ninayetaka kumsaidia. Soksi ya kulia ilikuwa imegandana na nyayo. Niliivuta taratibu. Chini ya kidole kikubwa palikuwa na kidonda cheusi pembeni, na ndani ya kiatu skrubu fupi, ya zile za Kiarie, imetoboa soli imesimama. Ametembea juu yake sijui tangu lini.

Nilimuuliza kama inauma. Alisema kidogo. Nikabonyeza na nikarudia kumuuliza, macho yake yakiwa dirishani. Akasema nianze basi. Nilikuwa nimeshabonyeza.

Miaka miwili iliyopita alipimwa sukari ikakutwa iko juu. Akasema ataacha soda, na kwamba mtu aliyepima damu za watu maisha yake yote hawezi kushindwa na yake. Sikuuliza tena. Kila nikimwona na kile kifaa chake cha kupimia sukari kidoleni alikuwa akisema iko sawa.

Nilimwambia asiendeshe tena, na kesho twende hospitali. Tulivutana mpaka chakula kikapoa. Mwishoni tulikubaliana hivi: nitamfunga kidonda kila siku, ataanza vidonge, hospitali atakwenda baada ya harusi, na Joyline asiambiwe kitu asije akaharibikiwa na furaha yake. Kuendesha, ataendesha mtu mwingine. Nilikubali. Naandika hapa kwamba nilikubali, na kwamba nilijua kuwa si sawa.

Jumamosi, 5 Julai

Nimemwomba Wabuge msamaha, na nimemwomba atuendeshee tukienda Tambach kuwaona wakwe. Amesema atakuja. Alisema pia kidonda cha mguu hakingoji harusi.

Jumatano, 9 Julai

Mvua. Kidonda kinanuka kidogo. Anasema ni dawa.

Jumatatu, 14 Julai

Mvua. Analala sana. Akiamka huenda kukaa kwenye Pijo, mlango wazi, mguu wenye bendeji uko kwenye pedali.

Jumapili, 20 Julai

Nitaandika polepole, kwa mpangilio.

Tulikuwa tumepanga kutoka baada ya ibada ya kwanza. Wabuge hakuja. Nilimpigia, simu haikushika. Baba Joy alikuwa amevaa suti, amekaa kwenye usukani, injini inanguruma. Alisema huenda Wabuge amepata kazi nyingine, na Joyline anatusubiri Iten, na wakwe wameshachinja. Nilimwambia tuchukue gari lingine. Akasema wazee wa Tambach wameahidiwa kuliona Pijo. Akasema, akinitazama vizuri kama zamani, kwamba leo mguu uko sawa. Na kama nisipopanda atakwenda peke yake.

Nilipanda. Nilipanda kwa sababu angekwenda, na chini ya ule ukuta angekuwa na mwanangu ndani. Niliketi mbele, nikaweka mkono wangu wa kulia juu ya breki ya mkono, kati ya viti vyetu. Aliuona mkono. Sikuuondoa.

Mpaka Iten alikwenda vizuri. Joyline alipanda nyuma akiwa amebeba keki kwenye sanduku, anacheka, anasema baba gari limekuwa bibi harusi kunishinda. Nilitaka kumwambia shuka. Neno lilifika kwenye meno. Nilimtazama babake kwenye kile kioo cha ndani, na yeye alikuwa anamtazama binti yake, na nikalimeza.

Ukungu ulitupokea pale barabara inapoanza kushuka. Bonde lote la Kerio lilikuwa limefunikwa, huoni kitu upande wa kushoto zaidi ya weupe. Alitia gia ya chini. Kona ya kwanza macho yake yalishuka, mguu ukakaa, gari likapunguza. Kona ya pili vilevile. Joyline alikuwa anatusimulia habari za maua. Kona ya tatu ukungu ulifunguka na palikuwa na lori limeharibika, limesimama kwenye upande wetu, na matawi ya miti yamewekwa barabarani kuonya.

Safari hii hakutazama chini. Hapakuwa na nafasi. Alikanyaga. Nilisikia injini ikinguruma kama siku ile ya Nakhumicha, na matawi yakapita chini yetu. Joyline alimwita babake, mara moja tu. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, nikarudi nyuma na mwili wangu mzima. Nyuma ya gari ilianza kuteleza. Baba Joy alikata usukani kulia, kwenye mwamba, si kwenye hewa, na hilo nitamshukuru nalo maisha yangu yote. Tulisugua ukuta, chuma kikalia, tukapita kando ya lori na kusimama na pua ndani ya mtaro.

Hakuna aliyeumia. Keki ilikuwa juu ya magoti ya Joyline, imefunikwa na mikono yake. Watu wa lori walikuja mbio wakiuliza kama ni breki.

Baba Joy alikuwa ameinama anatazama chini, na mimi nikatazama alipotazama. Mguu wake wa kulia ulikuwa bado umekandamiza pedali ya mafuta mpaka mwisho. Injini ilikuwa imezimika, na yeye bado anakanyaga. Alishika goti lake kwa mikono miwili akaunyanyua mguu, kama mtu anayenyanyua mzigo wa mtu mwingine, akauweka pembeni.

"Nilimwambia Wabuge asije," alisema.

Nilikuwa bado nimeshika breki ya mkono.

"Seline, nilikuwa najua. Tangu Pasaka. Nilitaka iwe breki."

Joyline alikuwa ameegemea katikati ya viti vyetu na alisikia yote.

Jumatatu, 21 Julai

Hospitali.

Jumatano, 23 Julai

Wamekata kidole kikubwa na kinachofuata. Daktari ni binti mdogo, mpole. Alisema tungengoja harusi, angekata goti.

Jumapili, 27 Julai

Joyline haniongeleshi. Anazungumza na babake, anamlisha, anamsomea magazeti. Kwangu anasema tu, mama, sukuma kiti. Leo, tulipokuwa tukingoja nje mvua ipungue, aliniambia, "Ulijua, ukaniacha nipande." Nimeandika kama alivyosema.

Jumanne, 5 Agosti

Wabuge alikuja wodini na mfuko wa ndizi. Baba Joy alimwomba msamaha mbele ya wagonjwa wote, kwa sauti ileile aliyomtukania mbele ya majirani. Wabuge alimwambia ubavu wa gari ataunyoosha kabla ya tarehe.

Mimi nilimtazama yule mtu asiyetazama watu, nikafikiri kwamba kati yetu sote ndiye pekee aliyeinua kichwa akaona.

Jumamosi, 23 Agosti

Joyline ameolewa. Mvua ilingoja mpaka picha zikaisha.

Wabuge aliendesha. Baba Joy alikaa nyuma na binti yake, fimbo katikati ya magoti. Nilikaa mbele. Tulipofika pale kwenye mwamba wenye mkwaruzo mweupe, Wabuge alipunguza mwendo. Joyline alipitisha mkono wake wenye glavu kati ya viti akashika bega langu, akauacha mkono hapo mpaka chini. Sikugeuka, ningelia nikaharibu nguo.

Kanisani alitembea na babake. Walikwenda taratibu mno, kwaya ikarudia wimbo. Kila hatua Baba Joy alitazama chini.

Jumanne, 2 Septemba

Shule ilifunguliwa wiki iliyopita. Mvua inaanza kuwa ya mchana tu, na mahindi yaliyopona yanakauka majani. Leo niliomba ruhusa nimpeleke Baba Joy kliniki ya miguu.

Alikuwa mchangamfu njiani. Alinieleza kwamba mguu wa kushoto hauna shida yoyote, anausikia wote, na akifanya mazoezi na fimbo, mwakani ataomba daktari amruhusu kuendesha hata hapa hapa estate tu. Alisema Wabuge anaweza kumhamishia pedali. Nilimwacha aseme.

Nesi alimlaza, akamvua soksi ya kushoto. Alimweleza kwamba ana uzi mgumu wa plastiki, atamgusa nao sehemu mbalimbali za nyayo aone kama bado zina hisia. Baba Joy akasema anaujua, ameuona miaka mingi kwa wengine.

"Basi fumba macho, Mzee. Ukisikia nimekugusa, sema ndiyo."

Alifumba macho. Alikunja uso kidogo kama anayesikiliza redio ya mbali, na mikono yake ikashika kingo za kitanda.

"Ndiyo," akasema. Baada ya kitambo, "Ndiyo." Kisha tena, kwa furaha, "Ndiyo, hapo kwenye kisigino."

Nesi alinitazama. Alikuwa bado anautoa uzi kwenye karatasi yake.